Mkalimani aliyejiajiri Uingereza: viza, kodi na bili ya Januari

SWALI: Mimi ni Mkenya, naishi Leicester tangu Septemba 2023. Nilikuja kusoma, na tangu Mei 2025 nina viza ya Graduate, ile ya waliohitimu masomo. Nafanya ukalimani wa Kiswahili hospitalini na mahakamani kupitia mawakala. Kufikia tarehe 5 Aprili 2026 nilikuwa nimelipwa pauni 24,000, sijakatwa chochote. Nina pia nyumba Kisumu inayoniletea pango la kama pauni 1,900 kwa mwaka, na kila mwezi namtumia mama pesa. Nadaiwa nini?

JIBU: Dada, nianze na viza, maana ndiyo inayokuweka nchini. Viza ya Graduate inakuruhusu kujiajiri. Ya mwanafunzi hairuhusu, hata kwa saa mbili kwa wiki. Kwa hiyo tafuta taarifa ya kwanza kabisa uliyotumiwa na wakala, utazame tarehe ya kazi ya kwanza. Ikiwa ni kabla viza haijabadilika, mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujaomba viza nyingine. Lakini usilifiche pato hilo. Kodi yake inadaiwa vilevile, na nakuomba sana uhakikishe takwimu utakazopeleka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, zinalingana na zile utakazoandika kwenye maombi ya viza. Watu wamenyimwa ukaazi kwa tofauti hiyo.

Jisajili HMRC kama mtu aliyejiajiri kabla ya tarehe 5 Oktoba 2026. Utapewa namba ya mlipakodi yenye tarakimu 10. Ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, ya mtandaoni pamoja na malipo, mwisho ni tarehe 31 Januari 2027. Ritani ikichelewa hata siku moja, faini ni pauni 100.

Kodi hutozwa kwenye faida, si kwenye pauni zote 24,000. Ukiendesha gari lako kwenda hospitali ya Nottingham, maili 50 kwenda na kurudi, unatoa senti 45 kwa kila maili: pauni 22.50 kwa safari moja. Sehemu ya bili ya simu inayohusu kazi nayo inatoka. Pesa za mama hazitoki. Najua ni wajibu usioepukika, ila kwa HMRC ni matumizi yako binafsi.

Tuseme gharama ni pauni 2,000, faida ibaki 22,000, na pango tuliweke kando kwanza. Pauni 12,570 hazitozwi kodi. Zinazobaki ni 9,430: asilimia 20 ya kodi ya mapato ni pauni 1,886, na asilimia 6 ya Bima ya Taifa, mchango wa hifadhi ya jamii, ni 565.80. Jumla 2,451.80.

Hapa ndipo wengi huanguka. Bili ikizidi pauni 1,000 na hukukatwa kodi popote, HMRC inataka pia nusu yake kama malipo ya awali ya mwaka unaofuata. Januari hiyo utatakiwa kutoa pauni 3,677.70, kisha 1,225.90 nyingine tarehe 31 Julai. Nimeona watu makini kabisa wakikopa kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wakala akikulipa, siku hiyohiyo hamisha pauni 20 katika kila 100 uziweke akaunti nyingine, usiziguse.

Sasa Kisumu. Mkaazi wa Uingereza hutangaza pato lake la dunia nzima. Utasikia kwamba wageni wana nafuu ya miaka minne kwa mapato ya nje, na ni kweli, nawe bado umo ndani ya miaka hiyo. Lakini ukiiomba unapoteza zile pauni 12,570 zisizotozwa kodi. Pango lako lingetozwa pauni 380 hivi. Kuikwepa kodi hiyo kungekugharimu 2,514, yaani asilimia 20 ya 12,570. Usiiombe. Tangaza pango, lipa kodi yake Kenya, kisha tumia mkataba wa kodi kati ya Kenya na Uingereza ili uliyolipa huko ipunguzwe kwenye unayodaiwa hapa. Stakabadhi za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, zitunze. Bila hizo huna ushahidi.

Ukiajiriwa mwakani na ukalimani ukapungua, unaweza kuiomba HMRC ishushe malipo ya awali. Shusha kwa kiasi unachoweza kukitetea, kwa sababu ukishusha kupita kiasi utatozwa riba kwenye pengo.