Mwulizeni Mwenyewe: Maswali Yenu Kuhusu Ulemavu na Vyombo vya Habari

Mwanangu anatumia kiti mwendo. Watu wa runinga walitaka kumrekodi tuombe msaada, nikakataa. Nimekosea? (Mama, Tanga)

Hukukosea, mama yangu. Vipindi hivyo tunavijua: muziki wa huzuni, kamera inashuka polepole hadi miguuni, mama anaulizwa kila kitu, mtoto yupo palepale hasemeshwi. Jumatatu akirudi shuleni, wenzake hawamwoni tena yule bingwa wa bao. Wanamwona yule aliyeliliwa kwenye runinga. Watu wa runinga wakija tena, waambie waanze na mwanao, na kamera wailekeze kwenye ngazi za darasa zinazomzuia kuingia.

Nyumbani tumekua tukisema "zeruzeru" bila nia mbaya. Kwa nini tuliache? (Kijana, Lindi)

Neno hilo limetembea na uongo kwamba watu wanaoitwa hivyo hawafi, hutoweka tu. Anayedhaniwa si mtu, kumkata kiungo huonekana si kuua. Tumewazika wengi kwa uongo huo. Sema mtu mwenye ualbino. Lakini gazeti linaloandika "ualbino" vizuri, halafu kwenye kichwa cha habari likataja bei ya kiungo, limewapigia wauaji tangazo. Hilo nalisema kwa uchungu. Ninyi wa Lindi mna habari nyingine: mwaka 2010 mlimchagua Salum Barwani, mwenye ualbino, awe mbunge wenu. Mtoto aliyekua akiiona picha yake gazetini ana jambo tofauti la kukumbuka.

Wala si kila neno la zamani ni tusi. Viziwi wenyewe wanakiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania. Waulizeni wenye jina.

Kuwasifu wanamichezo wenye ulemavu kuna ubaya gani? (Mwalimu, Nakuru)

Hakuna, mwalimu. Henry Wanyoike, Mkenya asiyeona, alishinda mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku mwongozaji wake akiwa hoi kwa ugonjwa. Mwishoni asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona. Nani ataacha kuisimulia? Ila asiyeona anayeuza nyanya sokoni naye aulizwe bei ya unga na kodi ya kibanda, kama wachuuzi wenzake.

Lugha ya ishara kwenye taarifa ya habari ni hisani? (Msomaji, Mombasa)

Si hisani hata kidogo. Sheria ya Kenya ya 2003 iliagiza vituo vya runinga viweke lugha ya ishara au maandishi kwenye taarifa ya habari. Kidirisha kikiwa kidogo kama stempu, vidole vya mkalimani havisomeki. Pigieni kituo simu, mseme.