Hapana ndugu, si idara ya serikali

Umeuliza kama Chicago Council on Global Affairs ni mkono wa serikali ya Marekani. Hapana ndugu yangu. Ni taasisi ya kujadili mambo ya nje, isiyo ya kiserikali wala ya chama cha siasa, iliyoanzishwa na wakazi wa Chicago mwaka 1922, wakati Wamarekani wengi walikuwa wamechoshwa na vita vya Ulaya na hawataki tena kusikia habari za nje. Jina la sasa ni la 2006.

Wengi wanaijua kwa mihadhara. Obama, akiwa bado seneta, alieleza sera yake ya nje hapo Aprili 2007. Mimi naithamini zaidi kwa kura yake ya maoni, iliyoanza 1974. Mtu wa kawaida anaulizwa: askari wetu wapelekwe nje kutetea nchi fulani, au wabaki? Mara kadhaa viongozi nao wameulizwa maswali hayohayo, majibu yakawekwa bega kwa bega. Hapo ndipo unapoona wazi mwananchi na mkubwa wanapoachana.

Mihadhara mingi iko mtandaoni. Usiruke maswali ya mwishoni, aghalabu yana uzito kuliko hotuba yenyewe.