Ubeti mmoja: tarbia au msuko?

SWALI: Ndugu mshauri, nasoma kidato cha tano hapa Kigoma. Nimetunga ubeti huu:

Meli imeng'oa nanga, yaondoka bandarini,
Moyo bado unatanga, nimesimama ufukweni,
Leso yangu naipunga, nampungia majini,
Umebaki moshi tupu.

Wenzangu wanabishana: tarbia au msuko? Nikisema ni wa huzuni, naambiwa nithibitishe. Tena kipande "nampungia majini" nakihesabu mizani (silabi) 7.
Msomaji, Ujiji

JIBU: Wenzako wote wamepatia, ila kila mmoja anajibu swali lake. Mishororo 4 inaufanya ubeti kuwa tarbia. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kilichokatwa, mizani 8 badala ya 16, kinaufanya msuko. Mtiririko (vina vilevile beti zote) na ukara (vina vya upande mmoja hubadilika) usivitaje, maana hivyo huonekana vina vikilinganishwa ubeti kwa ubeti, nawe unao mmoja tu.

Mizani hesabu kwa kutamka. Na-m-pu-ngi-a ma-ji-ni: hiyo "m" inatamkwa peke yake, basi ni 8. Palipozidi ni mshororo wa pili: ni-me-si-ma-ma u-fu-kwe-ni, 9. Fanya inkisari, yaani fupisha neno, "mesimama ufukweni", na maana haitaguswa.

Tuje kwenye huzuni. Neno lenyewe halimo, kwa hiyo onyesha inakotoka. Vina vyako vya mwisho ni bandarini, ufukweni, majini. Hiyo "-ni" ya mahali ni kina cha bei rahisi na watunzi wavivu huikimbilia, lakini hapa imekufaa: mara tatu msomaji anapewa mahali pa kukanyaga, kisha kituo kinakuja bila mahali, bila kina hicho, na bila kipande cha pili alichokizoea. Anabaki na kimya. Tazama pia moyo unavyotanga huku miguu imeganda; na kupunga kumetajwa mara mbili, kupungiwa hakukutajwa hata mara moja.

Ukitaka kumnyamazisha mbishi, jaza kituo: "Umebaki moshi tupu, kesho arudi nyumbani." Mizani inatimia 16, "-ni" inarudi, na huzuni imegeuka tumaini.

Na kama meli uliyoiwazia ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani 1913 na kuzamishwa 1916, historia hiyo iache nje ya jibu lako. Ubeti haukuitaja.