Usipande gari la saiti Jumatatu kabla hujapewa karatasi

Usiende. Au nenda, lakini si kwa masharti hayo uliyoyaandika. Nimesoma bandiko lako mara mbili nikadhani umemnakili jamaa mmoja ninayekutana naye kila asubuhi kwenye kioo nikinyoa ndevu. Hadithi yake siileti hapa, haikusaidii. Bili ameshalipa yeye, wewe chukua risiti.

Kwa wanaochungulia tu: mdogo wetu ana digrii ya uhandisi ujenzi. Mkandarasi wa kigeni wa barabara amemwambia aripoti Jumatatu, shilingi 25,000 kwa siku, kazi ni "kusaidiasaidia saiti", na mkataba "utakuja kambi ikitulia". Anauliza aende, akasome shahada ya uzamili, au ajifunze Kichina. Tena anauliza inakuwaje fomani mgeni asiye na digrii akalie kiti ambacho yeye amekisomea miaka minne.

Tuanze na kiti. Yule fomani hajakushinda akili. Kakushinda faili. Fungua faili la mgeni yeyote aliyeletwa na mkandarasi: barua ya mradi wa kwanza, jina la barabara, kilomita ngapi, thamani ya mkataba, cheo chake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, sahihi, muhuri. Mradi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Sasa fungua lako: cheti cha chuo, cheti cha kuzaliwa, barua ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, na maneno matamu. Wanaokusaili hawana mizani ya kupimia maneno matamu. Na Jumatatu unataka kwenda kulifanya tatizo liwe kubwa zaidi: upige kazi ya kihandisi miaka mitatu, na kila utakachofanya kiingie kwenye faili la mwenzako.

Inavyokuwa ni hivi. Asubuhi unapima levo, unahesabu nondo, unapima nafasi kati ya nondo na nondo, unamwambia fundi bomoa hapo rudia. Jioni unajaza ripoti ya siku, anasaini yeye. Ombi la ukaguzi linaloenda kwa mhandisi mshauri, yule anayemkagua mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi, umeliandika wewe kuanzia juu mpaka chini, jina chini ni lake. Kwenye karatasi ya malipo wewe ni deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, mstari wako uko kati ya mpishi na mlinzi. Utasema watu si wanajua nani alifanya? Wanajua sana. Dereva wa greda anajua, mama ntilie anajua, mpaka mbwa wa kambi anajua. Hakuna hata mmoja wao mwenye muhuri.

Mradi ukiisha mgeni anarudi kwao, kambi inavunjwa, ofisi ya mjini imeshabadilisha afisa utumishi, na wewe unazunguka na picha 4,000 za simu. Picha inaonyesha ulisimama karibu na kalavati, kile kidaraja cha kupitishia maji chini ya barabara. Haionyeshi nani aliamua zege lirudishwe.

Na hapo ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi inapokukamata. Kutoka mhandisi mhitimu kwenda mhandisi mtaalamu unatakiwa uwe na miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. SEAP, mpango wa bodi wa kuwafundisha kazini wahandisi wahitimu, ni miaka mitatu vilevile. Miaka mitatu uliyokuwa deiwaka bila msimamizi haihesabiki, hata kama ulijenga daraja kwa meno. Unaanza sifuri ukiwa na miaka 28, unakaa darasa moja na waliomaliza chuo juzi. Bila usajili huo hakuna mwajiri atakayekuweka kwenye nafasi inayodai sahihi ya mhandisi, kwa hiyo mgeni ataletwa, naye atapewa usajili wa muda, halafu tutarudi humu kulalamika wageni wamejaa.

Kanuni yangu ni moja, nimeinunua ghali: Ijumaa haipiti bila sahihi.

Logibuku, daftari lako la kumbukumbu za kazi ya kila siku, inasainiwa kila Ijumaa. Si mwisho wa mwezi, si "ukipata nafasi bosi". Kwa nini kila wiki? Kwa sababu msimamizi anakumbuka Jumatano, hakumbuki Februari. Halafu logibuku iliyojazwa kwa mkupuo inajulikana kwa macho tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, mwaka mzima hakuna siku mvua ilinyesha, hakuna siku greda liliharibika, na kuna zege lilimwagwa Sikukuu ya Idd. Mhandisi mzoefu akifungua kurasa tatu za namna hiyo anaifunga.

Na usiandike upuuzi huu: "Nilisimamia ujenzi wa kalavati." Kila mtu amesimamia kalavati, hata waliosimama barabarani wakisubiri basi. Andika hivi:

"Km 14+320, kalavati ya boksi, vyumba viwili vya mita 2 kwa 2. Kumwaga kitako: urefu 12 m, upana 4.75 m, unene 0.30 m, jumla mita za ujazo 17.1. Zege C25. Gari la kwanza slampu 75 mm, la pili 80 mm, yanayoruhusiwa 50 hadi 100. La tatu 140 mm, dereva aliongeza maji njiani, nimelirudisha, lingine limefika saa 9:40. Kyubu 6 za mm 150 zimechukuliwa, 3 za siku 7 na 3 za siku 28. Ombi la ukaguzi namba fulani, limeandaliwa na mimi."

Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi, kyubu ni vipande vya zege vya kupimia nguvu yake. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi. Kuna mahali, kuna kipimo, kuna kilichoharibika, kuna sababu, kuna uamuzi na aliyeuamua. Siku ya saba matokeo ya kyubu yakirudi unafungua ukurasa uleule unajaza. C25 ni zege la nguvu ya 25 N/mm² kwa siku 28; kwa siku saba unategemea karibu theluthi mbili, yaani 17 hivi. Ukipata 11 andika 11, na uandike mlichofanya baada ya hapo. Ukurasa wenye 11 na hatua zilizofuata una uzito kuliko kurasa kumi za "kazi ilienda vizuri". Tabaka za barabara nazo hivyo hivyo: daraja la udongo (mfano G15), unene mm 150, ushindiliaji asilimia ngapi wakati inatakiwa 95, sehemu gani ilifeli, ililimwa upya au iliongezwa maji.

Angalizo: michoro na bei za kampuni usinakili, utafukuzwa na watakuwa na haki. Namba ya fomu inatosha. Kwenye fomu yenyewe pigania ule mstari wa "imeandaliwa na". Fomani akisaini chini sawa, ni haki yake, lakini mstari wa juu uwe na jina lako kamili, si "saiti".

Nani anasaini? Kwanza jisajili kama mhandisi mhitimu, usingoje. Halafu uliza kabla ya Jumatatu: kwa mkandarasi kuna mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa? Kama hayupo, ulizia upande wa mhandisi mshauri. Wengi hawana roho mbaya ukiwaletea wiki moja safi. Ukiwaletea miezi minane kwenye mfuko wa rambo wanakuwa na kikao cha dharura.

Sasa karatasi. "Mkataba utakuja" ni sentensi ambayo sheria haiitambui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza kazi: jina lako na anwani, mahali ulipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi na malipo. Hapo kwenye maelezo ya kazi ndipo pa kufia. Isomeke "mhandisi mhitimu, sehemu ya makalavati na mitaro" au vyovyote ilivyo kweli, isisomeke "msaidizi". Na kifungu hichohicho kinasema mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai unamwangukia yeye. Hilo usimwambie afisa utumishi kwa sauti ya ugomvi. Lijue tu, linakaa vizuri mfukoni.

Dai NSSF kuanzia mwezi wa kwanza. Watu wanaona ni makato, mimi naona ni shahidi. Taarifa ya michango ina jina la mwajiri na miezi, na haisafiri kwenda kwao mradi ukiisha. Bodi ya Mikopo nayo itakata 15% yake, itakuuma, lakini angalau ni ofisi nyingine inayokiri una mwajiri. Hiyo 25,000 piga hesabu vizuri: siku 26 ni 650,000, ila masika deiwaka halipwi mvua ikinyesha. Siku 18 ni 450,000. Nauli bado. Ukiondoka, cheti cha utumishi ni haki yako chini ya kifungu cha 44, kidai kabla hujarudisha kofia na buti. Kukiwa na mgogoro, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ina siku 30 kwa waliofukuzwa na 60 kwa madai mengine, fomu ni CMA F.1. Watu wanafika siku ya 90 na machozi.

Hapa naomba nimtaje bila kumtaja yule bwana wa semina za ajira, kiingilio 30,000, maji ya chupa moja kwa watu wawili. "Ingia ndani kwanza, thamani yako itaonekana." Ilionekana. Ilikuwa 25,000, ikapanda 28,000. Huyo bwana hajawahi kukanyaga saiti, viatu vyake vinaogopa vumbi, lakini anawaambia vijana wasiulize mkataba kwa sababu "waajiri hawapendi wasumbufu". Mgeni unayemwonea wivu hakupanda ndege kabla ya kupewa mkataba. Aliuliza mshahara, nyumba, likizo na tiketi ya kurudi, na hakuna aliyemwita msumbufu. Afadhali hela ya semina ningenunua ndoo ya rangi.

Kingine wengi hawakijui. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mgeni awe na mpango wa urithishaji, yaani namna utaalamu wa mgeni utakavyohamia kwa Mtanzania, pamoja na mafunzo. Na Kamishna wa Kazi hatakiwi kutoa kibali mpaka aridhike kwamba mwajiri amehangaika kumtafuta mzawa akakosa. Mambo mawili yanatoka hapo.

La kwanza, siku moja utaletewa orodha ya "mafunzo ya urithishaji" usaini. Kama hukufundishwa, usisaini. Sahihi yako hapo ndiyo ushahidi kwamba unarithishwa, na kibali cha mwenzako kitahuishwa kwa mgongo wako huku wewe ukiendelea kubeba fimbo ya kupimia levo. Kama kweli wanataka kukurithisha, waandike nafasi gani, kwa nani, kwa muda gani, nawe upewe nakala.

La pili, matangazo ya kazi yenye sharti la ajabu, mfano lugha ya kigeni kwa mtu atakayesimamia vibarua wanaoongea Kiswahili. Mnacheka mnapita. Msipite. Tuma maombi kwa barua pepe, tunza nakala yenye tarehe. Tangazo lisilo na mwombaji hata mmoja ni zawadi kwa anayetaka kusema wazawa hawapo. Walio migodini wasome na Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania za 2018: nafasi za chini na za kati, fomani na msimamizi wakiwemo, ni za Watanzania.

Najua kuna atakayekuja kusema "unapata wapi jeuri ya kudai na njaa hii". Sikukwambia ukatae kazi. Hata ukikubali 25,000 hiyohiyo, cheo na logibuku havimgharimu mkandarasi shilingi. Wakikataa vitu vya bure, ujue wamekupangia nini.

Kichina sawa, jifunze, hakiozi.

Ujumbe wa kumtumia afisa utumishi huu hapa, ubadilishe majina: "Habari za leo dada. Nashukuru kwa nafasi, nipo tayari Jumatatu. Naomba kabla sijapanda gari nipate barua yenye cheo cha mhandisi mhitimu, sehemu nitakayofanya kazi, malipo na tarehe ya kuanza, hata ukurasa mmoja. Pia naomba jina la mhandisi aliyesajiliwa atakayenisainia logibuku kila Ijumaa. Asante." Utume leo Alhamisi wakiwa ofisini, si Jumatatu saa 11 alfajiri ukiwa umeshavaa buti.