Damu za pua miaka 9, kumbe ukuta wa pua ulikuwa umepinda

Mkuu umeuliza kama operesheni inamaliza hili tatizo la kutokwa damu puani kila mara, mi sio daktari ila nakujibu kwa yaliyonikuta.

Yangu ilikuwa inatoka pua ya kushoto tu. Hiyo kushoto tu ndo ilikuwa jibu lenyewe na miaka 9 hakuna aliyeniuliza, napimwa presha, iko poa, napewa vidonge vya vitamini narudi zangu. Nyumbani nako kila mtu anakwambia "tazama juu", kosa kubwa, damu inashuka kooni unaimeza halafu unatapika mabonge meusi. Kaa, inama mbele kidogo, bana ile sehemu laini ya pua (sio mfupa) dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Zikifika 20 haijakata nenda hospitali.

Daktari wa pua ndo wa kwanza kuingiza kamera. Nikaona mwenyewe kwenye skrini, ukuta wa katikati umepinda kushoto, pale ulipotokeza hewa inapiga hapohapo pamekauka, pana gamba na kimshipa chekundu kama uzi. Kila nikibandua gamba kwa kidole (nilikuwa nabandua, tusidanganyane) naanza upya.

Akapachoma kwa kijiti cha nitrati ya fedha (kemikali ya kuchoma kimshipa kizibe), kinawasha mpaka machozi. Nikakaa miezi minne ikarudi, akachoma tena, ya tatu akagoma kwa sababu ukichoma palepale mara nyingi ukuta unaweza kutoboka. Ndo tukaenda kwenye kunyoosha ukuta, nusu kaputi, wanapitia ndani hakuna kovu usoni. Maumivu ya kawaida, kero ni wiki nzima pua imeziba kwa vile viplastiki wanavyoweka ndani, unalala umeegemea mito na mdomo mkavu kama karatasi, kupenga marufuku. Siku anavivuta sikuamini vitu virefu vile vilikuwa puani kwangu.

Mwaka wa tatu huu, imetoka mara moja tu nikiwa na mafua. Maji ya chumvi na mafuta ya mgando bado natumia.

Ila kama unameza dawa za kulainisha damu, au kwenu wapo wengine wanaotokwa hivyohivyo na wana vidoa vyekundu midomoni, mwambie daktari mapema, hapo huenda tatizo sio ukuta na kunyoosha kusikusaidie. Dawa usiache mwenyewe lakini.

Yako inatoka upande mmoja au pande zote?