Usisaini! Asilimia 2 ya NINI? (Jibu kwa anayenunua nyumba League City, Texas, aliyeuliza kuhusu bima)

Weka hiyo kalamu chini kwanza. Nimesoma uzi wako nikiwa mapumziko kazini, chai imepoa mezani, najizuia nisikujibu kwa herufi kubwa tupu. Umeandika: "Nimepewa bei mbili za bima, moja dola 4,700 kwa mwaka, nyingine 1,900. Naona hii ya 1,900 inatosha, didaktibo yake ni asilimia 2 tu." Hiyo "tu" yako ndiyo imeniuma. Mwaka 2022 niliitamka mimi kwa mdomo wangu, nikacheka na wakala, nikasaini. Ilinila paa zima.

Kwa mgeni wa haya mambo: didaktibo ni fedha unayotoa mfukoni mwako kwanza, kabla kampuni haijatoa hata senti. Nyumbani Tanzania kwenye bima kubwa ya gari wanaiita ekses. Sasa mdogo wangu, asilimia 2 ya nini?

Mimi nilijua ni ya hasara. Paa likiharibika kwa dola 10,000, natoa 200, wao wanatoa 9,800, tunapeana mikono. Nani angekataa? Kumbe ni asilimia 2 ya kiasi chote kilichokatiwa bima kwenye jengo. Siyo hasara, siyo deni la benki, siyo bei uliyonunulia. Ni ile namba kubwa ya gharama ya kulijenga upya jengo lako likianguka lote. Yangu ilikuwa dola 390,000. Piga hesabu mwenyewe: 7,800. Yaani upepo uking'oa kitu chochote cha chini ya dola 7,800, mimi na asiye na bima tuko sawa, tofauti yetu ni kwamba yeye hakulipa ada.

Na hiyo namba kubwa haikai palepale. Nilipoanza ilikuwa 345,000. Kila wakihuisha mkataba wanaipandisha kwa sababu mbao na mafundi wamepanda bei. Asilimia inabaki 2, kwa hiyo huoni kilichobadilika, lakini dola zinakua kimyakimya kama mtoto wa kambo aliyepelekwa kwa bibi.

Ngoja nikupe kisa chenyewe. Nakaa Richmond, kusini magharibi mwa Houston. Wakala wangu alikuwa Mswahili mwenzetu, tunasali pamoja, anaimba besi kwaya. Sauti nzuri, sikatai. Ada ilipopanda nikamlilia, akaniambia, "Kaka, hilo dogo. Tukihamisha didaktibo ya upepo na mvua ya mawe kutoka asilimia 1 kwenda 2, halafu paa tukaliweka kwenye thamani ya sasa, unaokoa 640 kwa mwaka." Thamani ya sasa! Mimi mtoto wa Lindi, bima ninayoijua ni stika ya kwenye kioo cha gari ya kumwonyesha trafiki, nikasikia "thamani ya sasa" nikafikiri ni bei ya sasa dukani. Nikamshukuru. Nadhani nilimnunulia na chakula.

Thamani ya sasa maana yake ni thamani ya paa lako jinsi lilivyochoka. Wanachukua bei ya paa jipya, wanakata uchakavu wa kila mwaka ambao jua la Texas limelipiga, kinachobaki ndicho chako. Kinyume chake ni mkataba unaolipa gharama ya kuweka jipya. Tofauti ya hayo maneno mawili kwenye karatasi haizidi mstari mmoja.

Alfajiri ya Julai 8, 2024, kimbunga Beryl kikaingia pwani ya Texas karibu na Matagorda. Wiki moja kabla kilikuwa daraja la 5, lile kali kuliko yote, huko Karibi, kilipofika kwetu kimeshuka hadi daraja la 1, na sisi wataalamu wa kochi tukasema, aah, daraja la 1 ni upepo wa kuanikia nguo. Wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Mimi nilikaa siku sita kwenye joto la Julai, nyama yote ya friza tukaila kwa siku mbili pamoja na majirani ambao sikuwahi kujua majina yao. Paa upande wa kusini lilibanduka vile vigae vya lami kama magamba ya samaki, mvua ikashuka hadi dari ya chumba cha watoto, dari ikaanguka juu ya kitanda. Bahati watoto walikuwa wamelala kwetu sebuleni.

Mkaguzi wa hasara akaja baada ya wiki tatu. Kijana mstaarabu, ana droni, ananiita "sir" kila sentensi. Nikajua mambo safi. Barua ilivyokuja nikaisoma mara nne nikidhani Kiingereza changu kimeharibika. Paa jipya: 14,500. Paa lina miaka 12 kati ya 20, kata uchakavu 8,700. Linabaki 5,800. Ongeza dari na ukuta wa chumba 1,600. Jumla 7,400. Toa didaktibo 7,800. Malipo: sifuri.

Sifuri, mkuu. Yaani kwa hesabu yao hata sifuri nilikuwa sijaifikia, nilipungukiwa dola 400. Mke wangu akaniuliza, "Kwa hiyo sisi ndio tunawadai au wao?" Nikamwambia anipe maji.

Kama nisingegusa chochote mwaka ule, nikabaki na asilimia 1 na gharama ya paa jipya, ingekuwa 16,100 toa 3,900. Ningepata 12,200. Nilichookoa kwa akili zangu ni 640 mara miaka miwili, 1,280. Ukitaka kujua mtu aliyeuza ng'ombe akanunua kamba, mimi hapa, ingia uone picha yangu ya wasifu.

Nikampigia mwimba besi. Akaniambia, "Kaka, si ulisaini?" Nilisaini, ndiyo! Na daktari akikupa kidonge unameza, huulizi kiwanda. Kazi yako wewe uliyesomea hivyo vitu na kupewa leseni ni kunitamkia dola 7,800 kwa sauti, hiyo hiyo unayoimbia. Hakuitamka. Alitamka "asilimia 2" na "unaokoa". Huwa wanakutajia unachookoa kwa dola na unachopoteza kwa asilimia. Siku hizi nikimwona kanisani nakaa upande wa soprano.

Na wala usije ukaokolewa na wale mafundi wa paa wanaogonga milango baada ya dhoruba, eti "usijali, didaktibo tutaibeba sisi." Texas hiyo ni kosa la jinai tangu Septemba 2019, na kampuni ina haki ya kukudai ushahidi kwamba ulilipa. Alikuja mmoja kwangu, nikamwambia ndugu yangu, hata ukiibeba, ubebe ukienda wapi, mimi sina hata hundi ya kuipeleka.

Sasa hizo bei zako mbili. League City iko kaunti ya Galveston, na hapo wewe uko pabaya kuliko mimi. Kaunti 14 za mstari wa pwani ya Texas, kampuni nyingi za kawaida zinauza bima ya nyumba iliyoondolewa upepo na mvua ya mawe. Upepo unakwenda kuukatia pengine, aghalabu Texas Windstorm Insurance Association, chombo kilichoanzishwa 1971 baada ya kimbunga Celia. Naweka shilingi yangu mezani kwamba hiyo ya 1,900 haina upepo, na hiyo asilimia 2 ni ya moto na bomba kupasuka. Yaani umepata nafuu kwa kununua mwavuli usiozuia mvua. Angalia kwenye karatasi kama kuna maneno ya kuondoa upepo. Pia mwulize muuzaji cheti cha kuonyesha nyumba imejengwa kuhimili upepo, kinaitwa WPI-8. Kama hana, hao wa upepo wanaweza kukukatalia. Na usingoje kimbunga kiingie Ghuba ya Meksiko ndipo ukimbie kukata. Kikishaingia wanafunga dirisha, hakuna anayeuziwa.

Mafuriko: kata. Sijali kama wakala amekuambia "hupo kwenye eneo la mafuriko." Bima ya nyumba hailipi maji yanayopanda kutoka chini, hata siku moja. Kimbunga Harvey cha 2017 kiliingiza maji kwenye nyumba zaidi ya 150,000 kaunti ya Harris, yenye Houston, peke yake, na wengi hawakuwa na bima ya mafuriko. Ile ya serikali kuu mwisho wake ni dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu, na kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30, isipokuwa ukiikata pamoja na mkopo wa nyumba, kwa hiyo hapo ulipo una bahati. Waulize wazee wa Galveston kuhusu kimbunga Ike, Septemba 2008. Nyumba imeondoka yote, imebaki sakafu ya zege, halafu wa bima ya upepo anasema ni maji, wa bima ya mafuriko anasema ni upepo. Mwenye nyumba kasimama juu ya zege kama shahidi.

Kwetu Lindi tuna kimbunga chetu cha 1952 ambacho wazee walikuwa wanakitumia kuhesabia umri wa watu. Hakukuwa na bima. Bati likiruka, ndugu wanachanga. Hapa ndugu wako wote wana didaktibo zao.

Nenda kwa hao mawakala wawili leo. Usiwaulize bei, bei wanakupa bila kuombwa. Waandikie barua pepe hivi: "Kimbunga kikibomoa paa langu la dola 15,000 mwaka wa kumi, mimi natoa ngapi mfukoni, kwa dola?" Wajibu kwa maandishi, kwa namba. Akikujibu kwa asilimia, mrudishie. Akikupigia simu badala ya kuandika, mwambie uko kwenye kelele, aandike.

Uliuliza pia kuhusu paa la bati na kulipia kupitia benki, sijui na nini kingine, nimesahau, muda wa mapumziko umeniishia na msimamizi ananiangalia. Huo ukurasa wa kwanza wa mkataba wa 1,900, futa jina na anwani, piga picha, uweke hapa. Natoka saa nne usiku. Kabla ya hapo usisaini kitu.