Fundi Anajibu: Skrini imesimamishwa wima, chini panabaki mstari wa rangi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Pasua, Moshi. Kaunta yetu ni nyembamba, kwa hiyo skrini ya zamani ya 1366 kwa 768 tuliifunga ukutani ikiwa imesimama, ili orodha ya vipuri ionekane ndefu. Kompyuta inatumia Debian (aina ya Linux), haina madirisha, ni maandishi matupu. Niliongeza fbcon=rotate:1, agizo la kugeuza maandishi ya skrini, na yakakaa sawa. Lakini chini kabisa pana kamstari kembamba kenye vipande vya rangi, hata nikiandika clear hakaondoki. Tena nikiwasha, menyu ya kwanza inakuja imelala. Fundi mmoja kaniambia kioo kimekufa, ninunue kingine. Ni kweli? – Msomaji, Pasua

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usitoe hela bado. Dalili ulizonieleza si za kioo kibovu, na inaniuma mtu anapoambiwa anunue kabla hajapimiwa.

Kipimo ni amri moja tu:

echo 0 | sudo tee /sys/class/graphics/fbcon/rotate_all

Maandishi yatalala ubavu. Yaache hivyo, kisha angalia ule mstari. Kioo kikiwa kibovu, doa litabaki palepale chini. Kama ni mambo ya kuzungusha maandishi, chini patakuwa safi na ukingo mtupu utahamia juu, upande wa pili wa kioo. Ukimaliza, rudia amri ukiweka 1 badala ya 0.

Nina hakika utaona hilo la pili, na sababu ni hesabu. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haiigeuzi skrini. Inachukua herufi mojamoja, inazigeuza, kisha inazichora kwenye kumbukumbu ya picha ambayo yenyewe bado imelala kama zamani. Fonti ya kawaida ina pikseli 8 kwa upana na 16 kwa urefu. Skrini yako ikisimama, upana unakuwa 768, ukigawa kwa 8 unapata safu 96 bila baki. Urefu ni 1366. Gawa kwa 16: mistari 85, ambayo inakula pikseli 1360. Zimebaki 6, na hazitoshi herufi. Hizo 6 ndizo kamstari kako.

Amri ya clear inafuta ile mistari 85 tu, haina habari na kilicho nje yake. Kilichokwama pale mara nyingi ni mabaki ya picha iliyotangulia, kwa mfano ile ya wakati wa kuwasha. Bonyeza Ctrl+Alt+F2, halafu rudi kwa Ctrl+Alt+F1. Kuhama konsoli, yaani ukurasa mmoja wa maandishi kwenda mwingine, kunailazimisha keneli ichore upya, kingo nazo zikiwemo.

Usihangaike kutafuta fonti ya kuziba hizo pikseli. 1366 ni 2 mara 683, na 683 haigawanyiki kwa namba yoyote zaidi ya 1 na yenyewe. Hakuna fonti inayosomeka itakayoingia humo bila baki. Skrini kama hizi zinapita sana mezani kwangu hapa Ngarenaro, na zote zina ukingo huo zikisimamishwa. Ya 1920 kwa 1080 inatoka sawasawa, mistari 120 na safu 135, ila ukiiwekea fonti kubwa ya 16 kwa 32 nayo inabakiza pikseli 8 pembeni. Kwa hiyo hata ukinunua mpya, tatizo linaweza kukufuata.

Hebu pia andika stty size, inayotaja idadi ya mistari kisha safu. Jibu linalotakiwa kwako ni 85 96. Ukipata 48 170, keneli inahesabu skrini kana kwamba imelala, na orodha yako itakatika mahali pasipofaa. Hapo kagua kama keneli ilijengwa na uwezo wa kuzungusha:

grep ROTATION /boot/config-$(uname -r)

Mstari wa CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE_ROTATION lazima uishie na =y.

Menyu iliyolala ni GRUB, programu inayoanzisha mfumo. Inatangulia kabla keneli haijaamka, kwa hiyo fbcon haiihusu. Kama haikusaidii dukani, punguza GRUB_TIMEOUT kwenye /etc/default/grub. Humohumo, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX, ndipo fbcon=rotate:1 inapotakiwa kukaa, kisha endesha sudo update-grub. Na tafadhali, kama kuna mtu alishaongeza video= yenye rotate ndani yake, chagua moja uiondoe nyingine. Ukiziacha zote mbili utashindwa kujua ipi inageuza nini.

Siku mkiweka madirisha, mpangilio huu hautayagusa. Kwenye X, mfumo wa kuonyesha madirisha, kazi hiyo inafanywa na amri ya xrandr.

Endapo kwenye kile kipimo cha kwanza doa litagoma kuondoka chini, anza kwa kubadili waya wa skrini. Likiendelea, chomeka skrini hiyo kwenye kompyuta nyingine hapo jirani. Likionekana na huko, basi kioo ndicho kibovu, na yule fundi atakuwa sahihi.